Pesa ipo ila haishikiki: kisa cha mdogo wangu na siku 43 za mwanzo Ujerumani

Kamwene ndugu zangu. Kisa hiki ni cha nyumbani kwetu Mafinga na nakiandika kwa ruhusa ya mdogo wangu mwenyewe, jina lake na la chuo naviacha. Kaniambia andika kaka, na namba zote ziweke kama zilivyo, maana watu wakiulizwa Ulaya maisha yanagharimu bei gani wanajibu "inategemea" alafu basi. Kwaio naweka namba. Yuro moja nitaihesabu shilingi 2,900 kote, ndo wastani tuliopata mwaka 2024 kwa sababu tulikuwa tunabadilisha kidogo kidogo.

Mdogo wangu alimaliza SUA pale Morogoro, misitu, akarudi akafanya kazi miaka mitatu kwenye kampuni ya mbao huku Mufindi. Juni 2024 akapata nafasi ya masters Ujerumani, mji mdogo mashariki mwa nchi, masomo kwa Kiingereza, chuo cha serikali. Ada hakuna. Hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa na sisi tulichanganyikiwa vilevile. Ni kweli vyuo vingi vya serikali kule havitozi ada hata kwa mgeni (jimbo la Baden-Württemberg wanatoza yuro 1,500 kwa muhula kwa wasiotoka Umoja wa Ulaya, sehemu nyingi nyingine hapana). Ila bure ya ada sio bure ya kuishi, na serikali ya Ujerumani inataka uoneshe hela ya kuishi mwaka mzima kabla hujagongewa viza. Njia inayotumiwa na wengi ni akaunti ya kufungiwa, wenyewe wanaiita Sperrkonto. Unaweka hela ya mwaka mzima kwa mkupuo, alafu ukifika unaachiwa kwa mwezi. Wakati ule kiwango kilikuwa yuro 11,208, yani 934 kwa mwezi. Karibu milioni 32 na nusu za kwetu.

Tulivyozipata

Mzee ana paini ekari 8 alizopanda mwenyewe, zilikuwa na miaka 9. Anayejua mambo ya mbao Mafinga ameshaelewa tayari. Paini inatakiwa iachwe mpaka miaka 15 na kuendelea ndo utoe mbao ya maana, ya miaka 9 unauza mirunda na vigogo vyembamba, mnunuzi anakuja na bei yake mkononi na anajua una shida. Tukapata milioni 15 na laki 5. Mdogo wangu ndo mtaalamu wa misitu wa familia, hesabu ya hasara ya kukata mti mchanga anaijua kuliko sisi wote, na siku mashine za msumeno zinaanza kulia hakwenda shambani, alibaki jikoni na mama anachambua maharage. Mzee alirudi jioni na vumbi la mbao kichwani akasema tu "imeisha", akaomba maji ya kuoga.

Mama akakopa milioni 4 kwenye VICOBA yao. Mimi nipo Mbeya, ni mtunza hesabu wa ushirika mmoja wa wakulima, nikachukua milioni 10 SACCOS, marejesho miezi 30. Ukoo na kanisa walichanga milioni 5 na laki 2. Yeye mwenyewe alikuwa na akiba ya milioni 4. Jumla milioni 38 na laki 7. Kwenye karatasi inatosha na inabaki: akaunti milioni 32 na nusu, tiketi ya ndege 2.3, viza (ada ni yuro 75) pamoja na safari mbili za basi Mafinga mpaka Dar na pa kulala kama laki 5, ada ya kufungua akaunti na makato ya benki kama laki 4 na nusu. Zinabaki karibu milioni 3, yani yuro elfu moja na ushee za kushika mkononi. Hivyo ndo tulipanga. Mimi ndo niliipanga kwenye ekseli usiku mmoja Mwanjelwa umeme umekatika natumia tochi ya simu, na nilikuwa najisikia vizuri sana na ile kazi.

Yuro 28

Mkopo wangu ulitoka Agosti. Tukatuma yuro 11,208 kamili, si pungufu si zaidi. Sasa kwenye fomu ya benki ya kutuma nje kuna kisehemu kidogo cha kuchagua nani analipa makato ya njiani, kimeandikwa OUR, SHA, BEN. OUR maana yake mtumaji anabeba makato yote, SHA mnagawana, BEN mpokeaji ndo anakatwa. Fomu yetu ilikuwa na tiki kwenye SHA, sikumbuki nani aliiweka, mimi au dada wa kaunta, na nilisaini. Hela ikapita benki ya katikati, ikakatwa, ikafika yuro 11,180. Pungufu 28.

Akaunti isipotimia haitoi barua ya uthibitisho. Bila barua huna cha kupeleka kwenye miadi ya viza. Miadi ilikuwa tarehe 27 Agosti. Kutuma hizo 28 ikachukua siku, na makato ya kuzituma yalizidi zenyewe, barua ikatoka baada ya miadi kupita. Tukapata miadi nyingine, tarehe 10 Septemba. Na kuanzia tarehe 1 Septemba 2024 Ujerumani walipandisha kiwango kutoka 11,208 kuwa 11,904, ndo hiyo 992 kwa mwezi. Ilikuwa imetangazwa, sio kwamba walificha, sisi ndo hatukuwa tunafuatilia kwa sababu tulijua tutakuwa tumeshapita. Tofauti yake ni yuro 696, zaidi ya milioni 2. Zilitoka wapi? Kwenye ile milioni 3 ya mkononi. Hakukuwa na pengine pa kuzitoa.

Nimelitafakari sana hili. Jinsi hela ilivyopungua mtu anaweza kusema bahati mbaya, lakini bajeti inayovunjwa na yuro 28 ilikuwa na ugonjwa kabla ya hizo 28. Tulitenga kila shilingi kwa ajili ya kuridhisha sharti la viza, na kilichobaki ndo tukakiita hela ya kuanzia maisha. Ilitakiwa iwe kinyume, hela ya kuanzia maisha itengwe kwanza na isiguswe, alafu ndo uangalie kama sharti la viza unaliweza mwaka huu au hauliwezi.

Alivyofika

Viza ilitoka mwishoni mwa Oktoba, masomo yameshaanza. Akaondoka na yuro 320 na mabegi mawili. Mama alimfungashia unga wa ugali kilo 5, maharage, na usipa wa ziwa Nyasa aliotumiwa na shangazi kutoka Kyela. Alitaka kuweka na parachichi tukamkatalia, matunda mengi hayaruhusiwi kuingia kule bila cheti cha ukaguzi wa mimea, na nyama na maziwa ndo kabisa. Samaki mkavu kwa matumizi yako haina shida. Ule unga na usipa naomba mkumbuke, utarudi mbele.

Alitua tarehe 3 Novemba, baridi ya ukungu, akapokelewa na mwanafunzi Mtanzania waliyefahamiana kwenye grupu la WhatsApp. Kesho yake chuoni, ili asajiliwe anatakiwa alipe mchango wa muhula, na tarehe ya mwisho ilikuwa ile wiki. Mchango sio ada, ni hela ya huduma za wanafunzi na ndani yake mna tiketi ya treni na mabasi, yake ilikuwa yuro 290. Hawapokei keshi, inalipwa benki kwa benki. Yule dada mwenyeji akalipa kwa akaunti yake, mdogo wangu akampa noti mkononi. Akabaki na yuro 30. Siku ya pili nchini.

Sasa hapa nieleze polepole maana ndo moyo wa kisa. Yuro 11,904 zake zipo. Zinaonekana kwenye simu, namba imekaa pale. Ila ili ziachiwe zile 992 za mwezi wa kwanza inabidi ziingie kwenye akaunti ya kawaida ya benki kule. Benki aliyoenda wakataka karatasi ya usajili wa makazi, ile inaitwa Anmeldung. Usajili wa makazi ofisi ya mji inataka barua ya mwenye nyumba kwamba kweli unaishi hapa. Barua ya mwenye nyumba unaipata ukiwa na mkataba wa chumba. Mkataba unataka dipoziti. Dipoziti inataka hela, na hela zipo kwenye akaunti iliyofungwa. Mduara kamili. Unaweza kuwa na milioni 34 na usiku ukalala bila kula, na sitii chumvi hata kidogo.

Kwa yule dada mwenyeji asingeweza kujisajili, mkataba wa hosteli ulikuwa wa mtu mmoja na hata kulala pale ilikuwa kwa kujificha kidogo. Alilala sakafuni, juu ya koti la mwenyeji na kitenge, siku 19. Walikuwa wanapika ugali wa ule unga na usipa, wanakula mara moja kwa siku, saa kumi jioni, ili ichukue nafasi ya mchana na usiku. Haya yote mimi sikuyajua. Nikimpigia ananiambia "nipo poa kaka, pazuri huku". Mama naye anaoneshwa picha za majani ya njano barabarani.

Alinipigia usiku wa tarehe 20 Novemba, kwetu ilikuwa imeshavuka saa sita. Hakulia. Alinisomea namba kama anasoma risiti: chumba kimepatikana hosteli ya wanafunzi, kodi 285 kwa mwezi na maji, umeme, joto na intaneti vyote ndani, dipoziti 450, nina yuro 11. Asubuhi nikaenda kwa mfanyakazi mwenzangu nikakopa, nikatuma yuro 500. Hiyo ni milioni moja na laki nne na nusu juu ya mkopo wa SACCOS ambao marejesho ya kwanza yalikuwa hata hayajakatwa.

Jambo tulilokuja kulijua baadaye kabisa: sheria ya Ujerumani inasema dipoziti haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za maji na joto, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi, ya kwanza siku mkataba unapoanza. Yani angeweza kutoa 150 akaingia. Hakuuliza kwa sababu hakujua kama kinaulizika, na kwetu dipoziti unalipa yote ndo unapewa funguo. Yule mama wa ofisi ya hosteli sidhani angekataa.

Akahamia tarehe 22 Novemba. Miadi ya kujisajili 28. Akaunti ya benki ikafunguliwa Desemba mwanzoni, alafu kadi inakuja kwa posta na namba ya siri inakuja kwa posta kivyake, barua mbili siku tofauti. Tarehe 16 Desemba zikaingia 992. Hesabu mwenyewe toka tarehe 3 Novemba, ni siku 43.

Na siku hiyohiyo ziliondoka. Kodi ya mwisho wa Novemba na Desemba 370. Bima ya afya miezi miwili 264, hii ni lazima kwa kila mwanafunzi na umri wake ulimfanya alipe yuro 132 kwa mwezi. Deni la yule dada 200. Zikabaki 158, akanunua koti la mtumba la 45, maana toka Novemba alikuwa anavaa masweta mawili na kanzu ya mama ndani. Deni langu la 500 likasubiri.

Gari lilipowaka

Sasa watu wa Mafinga wakisikia sehemu ile ya juu wanasema Ulaya ni ghali, haiwezekani. Hapana. Tukikaa na daftari lake la Januari mpaka Machi 2025 ni hivi: kodi 285, bima 144 (ilipanda Januari), chakula kama 170, simu 10, ada ya redio na televisheni 6 kwa sababu wanaishi watatu na nyumba nzima inalipa 18.36, mchango wa muhula ukiugawa kwa miezi sita ni kama 48, vitu vidogo 15. Jumla 678. Anaachiwa 992. Zinabaki zaidi ya 300 kila mwezi. Kwa ule mji mdogo kiwango cha serikali kilitosha vizuri kabisa. Angekuwa Munich hesabu hii isingesimama, kodi peke yake ingeimeza, na hii ni sababu tosha ya kuangalia mji kabla ya jina la chuo.

Chakula kuwa 170 kulikuja kwa taabu lakini. Mwanzoni alikuwa anatumia chini ya 90 na alikuwa anakonda. Tatizo lilikuwa anageuza kila kitu kuwa shilingi. Parachichi moja yuro 1.20, hiyo ni 3,500, na yeye katoka sehemu ambayo parachichi zinadondoka chini zinaliwa na nguruwe. Anarudisha. Chakula cha mchana kwenye kantini ya chuo, wanaiita Mensa, sahani imejaa, yuro 3, hiyo ni elfu 8 na mia 7, kwa mama ntilie wa Mafinga unakula siku nne. Anapita. Alafu saa nane njaa inambana maktaba ananunua chokoleti kwenye mashine kwa 1.50 na kahawa 1.20, ameshatumia karibu ile 3 na hajashiba. Ilimchukua mpaka Februari kuacha. Dada mmoja Mkenya alimwambia, wewe hela zako zimeshakuwa yuro toka siku ile mlipozituma, za kurudi shilingi hazipo tena, linganisha yuro na yuro. Akaanza kula Mensa siku tano za wiki, jioni anapika wali na maharage, unga wa mahindi anaupata duka la Waafrika mji wa jirani mara moja kwa mwezi. Na chupa: kule chupa nyingi za plastiki za maji na soda unalipia senti 25 juu ya bei, ukiirudisha kwenye mashine dukani unarudishiwa. Anakusanya za chumba chao chote, mfuko mmoja wa chupa 20 ni yuro 5.

Zile 300 zinazobaki zilienda wapi? Hapa nitasema ukweli na natumaini nyumbani wataelewa. 150 kila mwezi zilikuja kwa mama kwa ajili ya VICOBA. Hatukumlazimisha. Lakini mama akipiga simu anasema "wenzangu wameshaanza kuniangalia vibaya kikaoni", na mtoto mwenye akili anaelewa. Wengine walipiga waziwazi, binamu anataka ya kuanzia bodaboda, mtu wa ukoo aliyechanga elfu 50 anauliza "vipi huko, umeshatulia?" na unajua anauliza nini. Watu wameambiwa kuna milioni 34, hawajui kwamba ni chakula cha mwaka kimefungwa kwenye gunia linalofunguliwa mara moja kwa mwezi. Hili lilikuwa kosa letu sisi wenye kisa, siku ya kumuaga tulitangaza kiasi kanisani ili watu waone mchango wao umefanya kazi. Tungesema tu "imetimia, asanteni".

Mwaka wa pili haukuwa kwenye ekseli

Masters yake ni miaka miwili. Akaunti ni ya mwaka mmoja. Kibali chake cha kukaa kilitolewa kinaisha Novemba 2025, na ili kiongezwe anatakiwa aoneshe tena ana namna ya kuishi, kiwango kilekile cha 992 kwa mwezi, iwe kwenye akaunti ya kufungiwa au kipato au mdhamini. Kwenye ekseli yangu mwaka wa pili niliandika "atafanya kazi" na nikaacha kisanduku cha namba wazi. Maneno mawili. Naliandika hili kwa sababu nimeona bajeti za wengine watatu toka hapo, na zote zina kile kisanduku wazi.

Kufanya kazi inawezekana na sheria inaruhusu, toka Machi 2024 mwanafunzi wa nje anaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, au kwa hesabu ya wiki masaa 20 wakati wa masomo. Muhula wa kwanza hakuweza, alifika kachelewa na Kijerumani hana. Aprili akapata kibarua cha usafi, mshahara wa kima cha chini 12.82 kwa saa, masaa 43 kwa mwezi yanamuweka chini kidogo ya 556, ambayo ndo ilikuwa mwisho wa mshahara wa mwezi kwa kibarua kidogo (wanakiita Minijob) mwaka 2025. Akaanza kunilipa zangu 500, na kuweka. Huku anasoma Kijerumani jioni kwa kozi ya chuo ambayo ni bure.

Septemba akapata mkataba kwenye kampuni ya mbao, anapima unyevu na madaraja ya mbao. Masaa 20 kwa wiki mara 12.82, kwa mwezi ni kama yuro 1,110, anakatwa ya pensheni 9.3 kwa mia, inabaki kama 1,007. Yani kapita 992 kwa yuro 15. Akapeleka mkataba na karatasi za benki, kibali kikaongezwa. Nilipopata ile meseji nilikuwa kwenye daladala ya Uyole, nilishuka kituo sicho.

Ila masaa ya kazi hayatoki hewani, na yalianza kumgharimu hata kabla ya mkataba huu. Mitihani miwili ya Julai hakuifanya, alishaona kwa kibarua na kozi ya lugha hajajiandaa, ameisogeza Februari. Kama ikipita, atamaliza muhula mmoja nyuma, na muhula mmoja mbele ni kodi ya miezi sita na bima ya miezi sita, zaidi ya yuro 4,000 ukihesabu vyote. Hapo ndo utaona bei halisi ya kukosa yuro elfu moja na nusu Novemba ile.

Nikirudia hesabu leo

Elfu moja na nusu naipata hivi: mchango wa muhula 290, dipoziti 450, kodi ya mwezi 285, bima 132, chakula cha wiki sita kama 240, koti na viatu 100. Hiyo ni 1,497. Ziwe noti au kadi inayofanya kazi kule siku hiyohiyo unayoshuka (keshi chini ya yuro 10,000 huhitaji hata kuitolea taarifa forodhani Ulaya). Zisihesabiwe kwenye hela ya sharti la viza kabisa. Na maombi ya hosteli ya wanafunzi yaende siku ileile barua ya chuo inapofika, sisi barua ilifika Juni na hosteli tuliomba Oktoba, kwa sababu tulidhani kwanza viza alafu ndo chumba. Ndo maana chumba kilipatikana tarehe 22 na sio tarehe 3.

Tungeweza pia kuahirisha. Ile Septemba kiwango kilipopanda, chuo kingekubali asogeze nafasi mwaka mmoja, waliandika kwenye barua yao ya kwanza kwamba inawezekana ukiomba. Hatukuomba. Miti ilikuwa imeshakatwa, watu wameshachanga, sherehe ya kuaga imeshafanyika na mbuzi ameshaliwa. Nani asimame kanisani aseme bado? Mimi kama kaka mkubwa ilikuwa kazi yangu kusimama na sikusimama, na kulala kwake sakafuni siku 19 nalihesabu upande wangu.

Mzee amepanda upya. Januari ya mvua mwaka huu, miche ya paini ekari zote 8, safari hii mdogo wangu ndo alichagua mbegu na kuelekeza nafasi kati ya mche na mche kwa simu ya video, mzee anatembea na simu shambani anaonesha kamba.

Sasa mtoto wa bamdogo yupo Makambako, kapata chuo hukohuko Ujerumani, muhula wa Aprili. Wiki iliyopita tulikaa sebuleni kwao, mdogo wangu yupo kwenye simu iliyoegeshwa kwenye chupa ya chai. Bamdogo ana hela ya akaunti, ameuza kiwanja, 11,904 imetimia kabisa na anataka watume kesho. Mdogo wangu akauliza, "Na zile elfu moja na nusu za pembeni bamdogo?" Bamdogo akasema hizo zitapatikana tu, Mungu atafungua njia. Mdogo wangu akanyamaza kidogo alafu akamwambia, kwa heshima zote, basi asije Aprili. Mjadala ulikuwa mrefu mpaka chai ikapoa. Hela bado haijatumwa.